"Toleo huru" na "muziki huru" ni vitu viwili

Kila albamu ya jazi inapotoka Italia kupitia lebo ndogo, hakosekani mtu wa kuiita "jazi huru". Juzi nimeisikia tena, safari hii ikisemwa juu ya bendi ya watu wanne iliyopiga tungo zilizoandikwa noti kwa noti, mwanzo hadi mwisho. Imenibidi niandike.

Kwa ufupi: toleo huru ni rekodi isiyotoka kwenye kampuni kubwa za muziki, wapigaji wenyewe au lebo ndogo ndio walioigharamia. Muziki wa papo kwa papo, ambao ndio hasa huitwa muziki huru, ni ule unaotungwa palepale unapopigwa. Hilo la kwanza ni habari ya fedha na umiliki, la pili ni habari ya upigaji.

Tatizo limekaa ndani ya neno "huru" lenyewe. Tumelipata kwenye Kiarabu, hurr, yaani mtu asiye mtumwa. Tangu asili yake, basi, neno hili lina bwana nyuma yake. Ukisema fulani yuko huru, msikilizaji ana haki ya kuuliza: huru kutoka kwa nani? Mwenye lebo ndogo amemkwepa bwana aitwaye kampuni kubwa. Mpiga saksafoni asiye na karatasi mbele yake amemkwepa bwana aitwaye maandishi. Mabwana hao hawafahamiani, na mtu anaweza kumtoroka mmoja akabaki anamtumikia mwenzake.

Waitaliano wana maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Indipendente imetoka kwenye Kilatini pendere, kuning'inia: ni kitu kisichoning'inia kwenye kingine. Improvvisazione imetoka kwenye improvisus, kisichoonwa kabla. Mpaka leo Muitaliano akisema all'improvviso anamaanisha ghafla. Neno moja linahusu kamba, jingine linahusu macho.

Na historia yao inathibitisha. Mwaka 1964 mtunzi Franco Evangelisti alianzisha mjini Roma Gruppo di Improvvisazione Nuova Consonanza, kundi la watunzi waliokubali kupiga bila kuandika. Ennio Morricone, huyuhuyu wa muziki wa filamu, alikuwa akipuliza tarumbeta humo. Mwaka 1970 ikatoka albamu yao, The Feed-Back, na walioitoa ni RCA, kampuni kubwa kwelikweli. Muziki wa papo kwa papo, lakini toleo huru halikuwa. Sasa geuza upande: Black Saint, iliyoanza Milano mwaka 1975, ilikuwa lebo ya kujitegemea, na bado ilitoa kazi za Muhal Richard Abrams, mpiga piano na mtunzi Mmarekani, kwa bendi kubwa, kazi zilizopangwa kwenye karatasi kwa uangalifu mkubwa.

Nakiri kwamba mara nyingi mambo haya hukutana, maana kampuni kubwa haina haja na dakika 40 za saksafoni peke yake bila wimbo wa kuimbika. Lebo iitwayo Setola di Maiale, maana yake unywele mgumu wa nguruwe, ilianzishwa mwaka 1993 na mpiga ngoma Stefano Giust, na huko upigaji wa papo kwa papo ndio chakula cha kila siku. Lakini Auand, iliyoanzishwa na Marco Valente mwaka 2001 huko Bisceglie, mkoani Puglia, nayo inajitegemea, na humo utakuta tungo zilizoandikwa tele.

Sisi wenyewe tulishautambua upungufu wa neno hili. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na bado mwaka 1967 Azimio la Arusha lililazimika kusisitiza neno jingine, kujitegemea, kwa sababu lile la kwanza halikubeba yote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, albamu mpya ikitolewa na wapigaji wenyewe huko Torino au Palermo, iite ya kujitegemea, na uinunue, kwa sababu huru si bure. Kabla hujaiita ya papo kwa papo, soma jalada. Ukikuta kila kipande kina jina la mtunzi mmoja, huenda kimeandikwa. Ukikuta vyote vimetajwa kuwa vya wapigaji wote kwa pamoja, hapo una sababu ya kulitumia hilo jina.