Jalada Linasema Ohio Express, Sauti ni ya Nani?

Popu ya bablgamu ni ule muziki mwepesi uliotamba Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, ukilenga watoto na vijana wadogo. Albamu za mkusanyiko wake huuzwa kwa bei poa, na wanunuzi huziamini kupita kiasi.

Dhana: Bendi iliyotajwa jaladani ndiyo iliyoimba.

Si lazima. Ohio Express walikuwa vijana wa Mansfield, Ohio, waliozunguka wakipiga jukwaani. Lakini "Yummy Yummy Yummy" ya 1968, iliyofika nafasi ya 4 Marekani, iliimbwa na Joey Levine, mtunzi wa New York aliyefanya kazi na maprodyuza Jerry Kasenetz na Jeffry Katz. Mwaka huohuo Levine akasikika kwenye "Quick Joey Small", safari hii chini ya jina la Kasenetz-Katz Singing Orchestral Circus. Mwaka 1969 ikatoka "Sausalito", tena kwa jina la Ohio Express, ilhali mwimbaji ni Graham Gouldman, Mwingereza aliyekuja kuvuma na bendi ya 10cc. Anayelaumu mkusanyiko kwa kuchanganya bendi anamwonea mchapishaji: mchanganyiko ulianzia studio.

Dhana: Bendi hizi zote zilikuwa na kibao kimoja tu.

Si kweli. 1910 Fruitgum Company, bendi nyingine ya bablgamu, waliingiza vibao vitatu kwenye tano bora za Marekani: "Simon Says", "1, 2, 3, Red Light" na "Indian Giver".

Dhana: Ukiona jalada limeandikwa "wasanii wenyewe", basi ni rekodi ileile ya zamani.

Hapa ndipo watu wanapoliwa. Rekodi ya awali kwa kawaida ni mali ya kampuni, na kuitumia kunalipiwa. Njia ya mkato ni kumwita mwanachama wa zamani, hata mmoja, arekodi upya miongo kadhaa baadaye. Hapo maneno "wasanii wenyewe" si uongo mtupu, hata kama ngoma ni za kompyuta na sauti imezeeka. Kwa Ohio Express mambo ni mabaya zaidi, kwani mwanachama huyo huenda hakuimba wimbo huo studio hata mara ya kwanza! Soma maandishi madogo nyuma ya jalada uone kama yametaja kurekodiwa upya. Yasipotaja, usitulie bado. Sikiliza kipande kidogo ukilinganisha na rekodi ya 1968 kabla ya kulipa.