Je, wajua kwa nini baiskeli haianguki juu ya rola?

Mbeya haikosi sababu za kumfungia mwendesha baiskeli ndani. Kuna mvua za masika zinazokokota hadi Aprili, kuna malori ya barabara ya TANZAM kati ya Uyole na Mbalizi, na saa moja jioni giza limeshaingia. Anayetaka kulinda pumzi yake bila kutoka nje ana vifaa viwili vya kuchagua.

Rola ni fremu inayolala sakafuni ikiwa na silinda tatu: mbili chini ya gurudumu la nyuma, moja chini ya la mbele. Mkanda huunganisha silinda ya nyuma na ya mbele ili magurudumu yote yazunguke. Baiskeli haifungwi popote, unaipanda tu. Stendi ya mazoezi, kwa upande wake, hubana ekseli ya nyuma, na tairi hugandamizwa kwenye kirola kidogo kinachokabwa na sumaku, feni au mafuta. Kwenye stendi hata ukisinzia huanguki. Kwenye rola unaanguka, lakini mara chache kuliko mtu anavyotarajia, na hapo ndipo pana fumbo. Baiskeli haiendi popote, haijashikwa na kitu, sasa imesimamaje?

Jibu linalozunguka vijiweni ni kwamba gurudumu linalozunguka kasi hujisimamisha lenyewe, kama pia ya watoto. Linaingia akilini upesi, ila si sahihi. Gurudumu la baiskeli ya mashindano pamoja na tairi lake halifiki kilo 2, na juu yake kuna mtu wa kilo 70 ambaye uzito wake uko karibu mita moja kutoka chini. Mzunguko wa gurudumu jepesi namna hiyo hauwezi kumzuia asilale upande. Kipimo chake ni rahisi, japo hakifai kujaribiwa barabarani: kaza beringi za usukani mpaka hendeli isigeuke kabisa. Magurudumu yatazunguka vilevile, na baiskeli itakubwaga ndani ya mita chache.

Mwaka 1970 Mwingereza David Jones aliandika katika jarida la Physics Today jinsi alivyofunga gurudumu la ziada ubavuni mwa lile la mbele, lisiloigusa ardhi, akalizungusha kinyumenyume ili kufuta athari ya mzunguko. Baiskeli ile iliendeshwa bila taabu kubwa. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell walikwenda mbali zaidi. Walitengeneza kibaiskeli kisicho na mpandaji, chenye magurudumu ya kufuta mzunguko, na kikaweza kujinyoosha chenyewe kinapoyumba. Matokeo yakatoka katika jarida la Science. Haki itendeke hata kwa hoja ya pia: katika baiskeli za kawaida mzunguko huchangia kidogo kuugeuza usukani upande baiskeli inakoinamia, hasa ukiachia mikono. Lakini kuchangia ni jambo moja, kubeba mzigo mzima ni jingine.

Kinachokusimamisha ni usukani. Simamisha mwiko wa ugali wima juu ya kiganja. Ukianza kulalia kulia, huuvuti juu. Unasogeza kiganja kulia mpaka kiwe tena chini ya uzito wake. Baiskeli hufanya hivyohivyo. Inapoinama kulia, mikono hugeuza hendeli kidogo kulia, tairi linasogea kulia, na pale linapogusa panarudi chini ya mwili wako. Unafanya hivyo mfululizo bila kujua.

Juu ya rola utaratibu haubadiliki, kwa sababu tairi halijui kama lenyewe ndilo linalokwenda mbele au silinda ndiyo inayorudi nyuma. Likizunguka huku limegeuzwa kidogo, linatambaa kando juu ya silinda. Ndiyo maana mkanda ule una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Ukikatika, gurudumu la mbele husimama, na gurudumu lililosimama hata uligeuze vipi halitambai popote. Usukani unakuwa pambo, na sekunde chache baadaye uko chini.

Tofauti na barabara ni nafasi. Silinda nyingi zina upana wa kama sentimita 40, yaani 20 kila upande wa katikati. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, nyuzi 1 tu ya kugeuka husogeza tairi karibu sentimita 15 kwa sekunde. Usiporekebisha, sekunde moja na nusu inatosha kufika ukingoni. Kwa kilomita 10 kwa saa, ili usogee kiasi hichohicho lazima ugeuze nyuzi 3, na hapo ndipo anayeanza huzidi kuyumba. Anaogopa, anapunguza mwendo, hendeli inadai mageuzo makubwa, naye anaogopa zaidi. Dawa ni kukanyaga, jambo ambalo mwili unalikataa kata kata.

Hofu nyingine ni kwamba ukitoka kwenye silinda baiskeli itachomoka na kugonga ukuta wa mbele. Haitachomoka. Mwili wako hauna mwendo wowote wa kwenda mbele. Nguvu iliyopo ni ya magurudumu peke yake. Ukiwa umeacha kukanyaga, magurudumu yale yakigusa sakafu hukusukuma kwa takriban sentimita 30 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea. Utaanguka ubavu. Kwa hiyo weka rola katikati ya mlango: mwimo mmoja wa kushika, mwingine wa kuegemea kiwiko, na tofali au kigoda upande unaopandia. Sogeza silinda ya mbele mpaka ekseli ya gurudumu iwe juu yake sawasawa au nyuma yake kwa sentimita 1 au 2. Ikizidi mbele ya silinda, usukani unakuwa mwepesi mno. Jaza matairi yote mawili vizuri, weka gia ya kati, vaa viatu vya kawaida visivyonasa kwenye pedeli, na utazame mita 2 mbele. Ukitazama tairi umekwisha.

Miguu nayo ina mshangao wake. Barabarani, mtu na baiskeli yake, kilo 80 kwa jumla, wakienda kilomita 30 kwa saa hubeba nishati ya jouli 2,800 hivi. Wakiacha kukanyaga wanateleza mbali. Kwenye rola nyepesi za alumini, magurudumu na silinda pamoja hubeba kama jouli 200. Acha kukanyaga, na baada ya sekunde chache kila kitu kimesimama. Kwa sababu hiyo kukanyaga kwa kushtukashtuka kunasikika papo hapo. Wengi husema rola hulainisha mkanyago. Kwamba hukuonyesha kasoro, ni kweli. Kwamba ulainifu huo hukufanya mshindi barabarani, ushahidi wake ni mwembamba.

Stendi huziba pengo hilo kwa gurudumu zito la chuma. Yenye gurudumu jepesi huacha miguu ikihisi kama unapanda mlima wa Kitonga, ambako kwa kilomita 10 kwa saa huna zaidi ya jouli 310 za kuteleza nazo. Kwa mtu wa nyanda za juu hilo si kasoro hata kidogo.

Mwinuko pia una neno lake. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Stendi ya feni hukabwa na hewa, hivyo hapa inakuwa laini kwa kiasi hichohicho katika mwendo uleule. Ya sumaku au ya mafuta haijali. Barabarani hewa nyepesi hukufidia kwa kupunguza upepo wa usoni. Ndani hufidiwi kitu, wakati oksijeni ni ileile chache, basi usinakili viwango vya wati vya mtu wa Dar es Salaam. Wala baridi ya Julai isikudanganye: ukitoa wati 200 kwenye pedeli, mwili unazalisha wati 600 au zaidi za joto, na ndani hakuna upepo wa kuliondoa. Feni ni lazima. Umeme ukikatika, fungua dirisha na punguza nguvu. Rola na stendi ya sumaku huendelea kufanya kazi bila umeme, tofauti na stendi nyingi za kisasa zinazounganishwa na kompyuta.

Kwa mwenye baiskeli moja na dakika 45 jioni, stendi ya sumaku ndiyo chaguo la kwanza. Unaweza kujikamua mpaka mwisho bila kuwaza ukingo. Kaza kirola kiguse tairi, kisha ongeza mizunguko 2 ya kitasa. Likiteleza unapokanyaga kwa nguvu, ongeza nusu. Weka kipande cha ubao chini ya gurudumu la mbele ili baiskeli ilale sawa, na tumia tairi kuukuu lisilo na vinundu, maana kirola hula mpira na vinundu hupiga kelele nyumba nzima. Rola inamfaa anayeshindana, au ambaye tayari ana stendi na imemchosha.

Mwenye baiskeli ya Phoenix apime kwanza. Rola nyingi hurekebishwa kwa ajili ya baiskeli za mashindano, ambazo umbali kati ya ekseli zake ni karibu mita moja, na Phoenix ni ndefu kuliko hapo. Stendi nayo hubana ncha za ekseli, kwa hiyo nati za Phoenix zinahitaji vikombe vinavyozitosha. Vikombe vikiwa vikubwa, baiskeli itacheza kila unaposimama kwenye pedeli, na baada ya muda nati zitalegea.