Masaji za spa: ipi inakufaa, na nani asikandwe

Bango la spa lina majina chungu nzima. Tofauti iko wapi hasa?

Majina ni mengi, ila mambo yanayotofautiana ni machache: mkandaji anakandamiza kwa nguvu gani, anatumia mafuta au la, na kuna joto au hakuna. Masaji ya Kiswidi ndiyo ya kuanzia. Unapakwa mafuta, viganja vinateleza kuelekea upande wa moyo, misuli inakandwa kama unga wa chapati, kisha inasuguliwa na kupigwapigwa. (Jina ni la Uswidi, lakini anayetajwa kuzipanga mbinu hizo za kukanda ni daktari wa Uholanzi, Johann Georg Mezger, katika karne ya 19.)

Ya Kithai ni kinyume chake. Huvui nguo, hupakwi mafuta. Unalala kwenye godoro sakafuni, unavutwa, unakunjwa na kunyooshwa. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2019. Mzee mwenye mifupa dhaifu aikwepe. Shiatsu ya Wajapani nayo haina mafuta, kazi yake ni kubonyeza kwa vidole.

Na singo ya Unguja?

Hiyo si masaji ya misuli. Ni mchanganyiko wa maua na viungo anaosingwa bibi harusi, na sasa baadhi ya spa za hotelini zinauuza kwa watalii. Faida yake ni ngozi laini na harufu nzuri, basi. Kitu cha kuangalia ni mafuta ya karafuu: yakiwa makali bila kuchanganywa na mafuta mengine kama ya nazi, huwasha na hata kuunguza ngozi.

Nashinda kwenye kompyuta, shingo na mabega yamekaza. Nichague ipi?

Anza na ya Kiswidi. Ukiona haifiki, omba masaji ya kina: mkandaji hutumia vifundo vya vidole au kiwiko, anakwenda polepole, mahali pamoja kwa muda mrefu. Nafuu utaipata, lakini ni ya muda. Ukirudi kwenye kiti kilekile na skrini ileile iliyo chini ya macho, shingo itakaza tena. Kama maumivu yanashuka mkononi, au vidole vinakufa ganzi, muone daktari kwanza.

Lazima iume ndiyo ifanye kazi?

Hapana, ingawa wakandaji wengine wanaamini hivyo, na wateja ndio wanaowashangilia. Kipimo rahisi ni pumzi: ukijikuta umeibana na kukaza taya, nguvu imezidi. Sema hapohapo. Misuli ikiuma kidogo siku moja au mbili baadaye ni kawaida. Michubuko myeusi si “sumu zinatoka”. Ni mishipa midogo ya damu imepasuka. Kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya ini na figo, hata kama bango linasema vingine.

Kukandwa nyayo kunatibu figo na ini?

Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba sehemu fulani ya unyayo imeungana na figo. Miguu iliyochoka inaburudika, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kwenda. Usiache dawa zako kwa ajili hiyo.

Nina kisukari. Mawe ya moto yananifaa?

Kama miguu yako ina ganzi, yaache. Mawe hayo hupashwa kwenye maji ya moto na kuwekwa mgongoni au miguuni, na asiyehisi joto anaweza kuungua bila kujua, akaondoka na kidonda kigumu kupona. Kwa mteja yeyote, mkandaji anayejua kazi hulishika jiwe mwenyewe kabla ya kulitua mwilini mwako.

Mke wangu ni mjamzito, anatamani kukandwa.

Aulize kliniki kwanza, kisha amtafute mkandaji aliyefunzwa masaji ya wajawazito. Hulazwa ubavu, mito ikiwekwa kati ya magoti, na vigimbi havikandamizwi kwa nguvu kwa sababu ujauzito huongeza hatari ya damu kuganda. Kuchua tumbo ili mtoto ageuke, kama mabibi wanavyoshauri, ni hatari. Kumgeuza ni kazi ya daktari hospitalini. Na akijifungua kwa upasuaji, asikandwe tumbo kwa maji ya moto juu ya kidonda.

Nani asikandwe kabisa?

Mwenye homa, ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, au mfupa uliovunjika. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asifanye masaji ya kina. Mwenye saratani azungumze na daktari wake. Lakini linalonitia hofu kuliko yote ni mguu mmoja uliovimba, wenye joto na kuuma kigimbi, hasa baada ya safari ndefu au upasuaji. Huenda ni bonge la damu. Likisukumwa linaweza kwenda kuziba mapafu. Hapo ni hospitali, siku hiyohiyo.

Lazima nivue nguo zote?

Hapana. Baki na chupi ukitaka. Mwili hufunikwa shuka, na hufunuliwa sehemu inayokandwa tu. Sehemu za siri hazimo katika masaji yoyote halali. Mkono ukielekea huko, mwambie aache, vaa, toka, hata kama saa uliyolipia haijaisha.