Breki za gari la kujiundia: vipuri visivyowahi kufanya kazi pamoja

Gari la kiwandani huja na breki zilizopimwa zikiwa kitu kimoja, kuanzia pedali hadi pedi. La kujiundia halina bahati hiyo. Masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, imetoka gari moja; kalipa za nyuma, zinazobana pedi kwenye diski, gari jingine; na uzito wa gari lenyewe ni mdogo kuliko wa yote mawili. Kwa hiyo nikiitwa kukagua kazi ya namna hii, swali langu la kwanza halihusu kuvuja. Nauliza: mwenye gari akikanyaga kwa nguvu, magurudumu yapi yatajifunga kwanza?

Yanapaswa kuwa ya mbele. Unapofunga breki uzito huhamia mbele, na matairi ya nyuma hubaki na mshiko kidogo. Ya mbele yakijifunga, gari halifuati usukani lakini huenda moja kwa moja. Ya nyuma yakitangulia, mkia unakupita. Gari jepesi lililorithi breki kubwa za nyuma liko kwenye hatari hiyo hasa. Dawa ni vali ya kupunguza mgandamizo wa nyuma, au masta silinda mbili zilizounganishwa na fimbo ya kugawa nguvu ya pedali. Vyovyote utakavyochagua, mbele na nyuma ziwe na njia zake tofauti za mafuta, ili moja ikipasuka nyingine ibaki.

Kisha pedali. Pima kutoka pini inapobembea hadi pale mguu unapokanyaga, halafu kutoka pini hiyohiyo hadi fimbo inayosukuma masta silinda. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Gari lisilo na busta, kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu, linahitaji jibu la karibu 6. Pedali iliyotoka kwenye gari lenye busta mara nyingi hutoa 4 hivi, na hapo mguu utachoka huku gari likiendelea kwenda.

Fimbo hiyo ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Pedali ikiwa imeachiwa, lazima kuwe na uwazi mdogo, kama milimita 1, kati ya fimbo na pistoni ya masta silinda. Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo linaloruhusu mafuta kurudi kwenye kopo lake. Fimbo ikibana, pistoni haifiki mwisho wa kurudi na tundu hubaki limezibwa. Gari litatoka vizuri; baada ya mwendo kidogo breki zinapata joto, mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, nazo zinajikaza zenyewe. Watu hubadilisha kalipa nzima nzima wakati tatizo ni nati moja kwenye fimbo.

Mabomba hayana siri nyingi: ya milimita 4.75, ya shaba iliyochanganywa na nikeli, yafungwe kwenye fremu mbali na ekzosi. Angalia tu umbo la ncha. Kuna ya kukunjwa mara mbili na kuna ya kiputo, na moja haikai kwenye kiti cha nyingine hata nati ikikubali kuingia. Mipira ya breki, yaani hosi laini zinazofika kwenye magurudumu, ijaribiwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili, na magurudumu yakiwa yananing'inia.

Kabla ya kutoa upepo, hakikisha nipeli, skrubu ndogo ya kutolea hewa, iko upande wa juu wa kalipa. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipeli huwa chini, na hewa hubaki juu hata ukipampu siku nzima. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka chupa mpya: ikiwa kavu huchemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. DOT 5.1, licha ya namba yake, ni ndugu wa DOT 4.

Mwisho, kanyaga na ushikilie. Pedali ikizama polepole na viungo vyote ni vikavu, mafuta yanapita kwenye mipira ya ndani ya masta silinda; ifungue.