Funguo mbili na kioo kilichopasuka

Ninapowafundisha waandishi chipukizi wa filamu jinsi tashtiti, yaani kichekesho chenye kejeli, inavyojengwa, filamu ninayoirudia mara kwa mara ni The Apartment ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Billy Wilder na kuandikwa naye pamoja na I.A.L. Diamond. Ilipata tuzo 5 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, lakini mimi huichagua kwa sababu vitu vidogo vya mkononi vimepewa kazi ambayo mwandishi mvivu angeiachia hotuba.

C.C. Baxter, aliyeigizwa na Jack Lemmon, ni karani katika kampuni kubwa ya bima jijini New York. Anaishi peke yake katika fleti ya kodi ya dola 85 kwa mwezi, na mabosi wanne wenye wake zao nyumbani huiazima kwa zamu ili kukutana humo na vimada wao, huku wakimwahidi kwamba watampigia debe apandishwe cheo. Yeye huacha ufunguo chini ya mkeka wa mlangoni, kisha huzurura nje kwenye baridi mpaka wamalize. Wilder hamwonei huruma kupita kiasi, kwani hakuna anayemshikia Baxter bunduki. Anaumia, lakini pia anapiga hesabu ya faida.

Tangu mwanzo anajitambulisha kwa tarakimu: kampuni ina wafanyakazi 31,259, yeye yuko ghorofa ya 19, meza namba 861, na mshahara wake ni dola 94.70 kwa wiki. Ukumbi wa ofisi anamofanyia kazi ni kiini macho cha msanifu wa mandhari ya filamu, Alexandre Trauner, ambaye kadiri ulivyorudi nyuma alipunguza ukubwa wa meza na kuwaketisha watu wafupi huko mwisho, ili safu za makarani zionekane hazina kikomo.

Mambo yanageuka pale Sheldrake, mkuu wa utumishi, anapoutaka ufunguo naye, na Baxter anapanda cheo. Hajui kwamba mwanamke anayeletwa ni Fran Kubelik (Shirley MacLaine), mwendesha lifti ambaye Baxter mwenyewe anampenda. Mwandishi wa kawaida angemfumania mlangoni au angeleta mmbea. Hapa Baxter anaokota fletini kikebe cha poda chenye kioo kilichopasuka, anamrudishia bosi, na bosi anacheka kwamba mwanamke huyo alimrushia. Kisha, kwenye sherehe ya Krismasi ofisini, Baxter anamwonyesha Fran kofia yake mpya ya kibosi, na Fran anampa kikebe kile kile ajitazame. Baxter anauona uso wake umegawanyika vipande viwili, na hapo hapo anaelewa kila kitu. Anachosema ni kwamba kioo kimevunjika. Fran, aliyetoka kuelezwa na katibu wa Sheldrake kwamba yeye ni mmoja tu katika msururu mrefu, anajibu kwamba anakipenda hivyo, kwa kuwa kinamwonyesha jinsi anavyojisikia. Mazungumzo hayafiki dakika moja, na kila mmoja anadhani mwenzake hajui.

Usiku wa mkesha wa Krismasi Fran anameza vidonge vya usingizi katika fleti hiyo hiyo, ingawa ananusurika. Wanafunzi wengine hulalamika kwamba jambo zito hivyo haliingii kwenye kichekesho, nami hubishana nao, kwa sababu bila vidonge vile tungeendelea kucheka upande mmoja na mabosi. Udhaifu ninaouona ni mwingine: Fran amepewa nafasi ndogo kuliko Baxter, na maisha yake nje ya wanaume tunayaona kwa kuchungulia tu.

Mwishowe Sheldrake anaudai tena ufunguo wa fleti, kwa ajili ya Fran yule yule. Baxter anaweka ufunguo mezani na kutoka; ni wa choo cha wakubwa, ambacho makarani hawaruhusiwi kukitumia. Sheldrake anapomfuata kumwambia amekosea, Baxter anaeleza kwamba anafuata agizo la jirani yake daktari, la kuwa mtu mwenye utu. Maelezo hayo ningeyafuta kwenye mswada, kwani mtazamaji amekwisha kuelewa tangu ufunguo ulipotua mezani.