Kinachoangusha kampuni za bima: dhana potofu na ukweli

Dhana: Adui mkubwa wa kampuni ya bima ni janga kubwa.
Majanga yanaua kampuni, hilo halina ubishi. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida mwaka 1992, kampuni kadhaa zilifilisika. Lakini hatari ninayoiogopa zaidi haina kishindo: ada ndogo na akiba pungufu. Chukua abiria aliyevunjika mguu kwenye ajali ya daladala. Ada ya bima ya gari ilishalipwa na kuhesabiwa mapato ya mwaka ule. Kesi ya fidia inaweza kukaa mahakamani miaka minne, kisha hukumu ije na matibabu, kipato kilichopotea, riba na gharama za wakili. Muda wote huo kampuni inatakiwa iwe imetenga fedha kwa makadirio. Ikikadiria kidogo, vitabu vinaonesha faida, wanahisa wanapata gawio, na ada inashushwa tena ili kunyang'anyana wateja. HIH, kampuni ya bima ya Australia, ilianguka Machi 2001 ikiwa na pengo lililokadiriwa kufika dola za huko bilioni 5.3. Tume ya uchunguzi ilitaja kutotenga fedha za kutosha kwa madai yajayo kuwa sababu kuu.

Dhana: Wezi ni wateja tu.
Madai ya uongo yapo. Wapo pia mawakala wanaokusanya ada wasiziwasilishe, na watu wa ndani wanaopitisha madai hewa.

Dhana: Ada zetu zimelala benki zikisubiri ajali.
Zimewekezwa: hati fungani, hisa, majengo. Na jengo haliuziki kwa wiki moja eti kwa sababu madai yamerundikana. Septemba 2008 Benki Kuu ya Marekani iliiokoa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo wa hadi dola bilioni 85, na kisa hakikuwa magari wala nyumba zilizoungua. Kitengo chake cha fedha kilikuwa kimedhamini madeni yaliyofungamana na mikopo ya nyumba. Thamani iliposhuka, waliodhaminiwa wakataka fedha taslimu papo hapo.

Dhana: Ukishapeleka hatari kwenye bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima hujikatia kwa kampuni nyingine, umenawa mikono.
Hujanawa. Mteja anaidai kampuni iliyomuuzia bima. Kampuni ya mtawanyo ikichelewa au ikifilisika, fidia bado inadaiwa palepale. Tena mtawanyo wenyewe unaweza kuwa wa jina tu. Miaka ya 1980 huko London, baadhi ya vikundi vya watoa bima katika soko la bima la Lloyd's vilikuwa vikikatiana bima vyenyewe kwa vyenyewe. Jukwaa la mafuta la Piper Alpha lilipolipuka Bahari ya Kaskazini Julai 1988 na kuua watu 167, hasara ilianza kuzunguka: kila kikundi kikibeba kipande chake na kusukuma kilichobaki kwa mwenzake, hadi ikawarudia walewale waliodhani wameshaitua. Madalali walikuwa wameshachukua kamisheni yao katika kila mzunguko.