Taa kwanza, pampu baadaye

Kijana akija karakanani kwangu na Arduino Uno R3 mpya mkononi, ile bodi ndogo ya umeme inayofuata maagizo ya kompyuta, swali lake la kwanza huwa ni kodi, yaani maagizo yenyewe ya programu. Mimi humpa taa nyekundu ya LED na rezista ya omu 220, nikamuuliza: hii rezista ni ya nini?

Wengi hunyamaza. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pini ya Uno ikiwashwa hutoa volti 5, taa nyekundu inakula kama 2, zinabaki 3. Gawanya kwa 220, unapata karibu miliampea 14. Pini hubeba 20 bila taabu. Ikifika 40 unaitafutia kifo. Bila rezista taa itawaka vizuri sana, kwa muda.

Ndipo tunafungua kompyuta. Mguu mrefu wa taa unapita kwenye rezista hadi pini 8, mfupi unaenda GND, upande wa hasi. Kwenye setup, sehemu ya kodi inayopitiwa mara moja tu bodi inapowaka, andika pinMode(8, OUTPUT). Kwenye loop, inayozunguka bila kukoma: digitalWrite(8, HIGH) ya kuwasha, delay(1000) ya kusubiri, kisha digitalWrite(8, LOW) ya kuzima, kisha delay nyingine. Hiyo 1000 ni milisekunde, yaani sekunde moja. Ukisahau delay ya pili, taa itaonekana haizimiki kabisa. Kumbe inazimika, ila jicho haliwahi.

Kompyuta isipoiona bodi, badilisha waya wa USB kwanza. Nyingine ni za kuchajia simu tu.

Taa ikishapepesa, kila mtu anataka kuwasha pampu. Hapo ndipo nilipounguza pini yangu ya kwanza. Nilichukua rilei ya volti 5, swichi inayovutwa kwa umeme, ambayo koili yake, yaani waya uliosokotwa ndani, huvuta kama miliampea 70, nikaiunga moja kwa moja kwenye pini 7. Ikalia tik, tik, nikachekelea. Kesho yake pini ile ilikuwa imekufa, zingine nzima, nami nikashinda mchana kutwa nikisaka kosa kwenye kodi isiyo na kosa.

Kumbe kazi ile ilitaka transista, mfano 2N2222, kifaa cha miguu mitatu ambapo umeme kidogo huongoza umeme mwingi. Pini inaupa mguu wa beisi umeme kidogo kupitia rezista ya omu 1000, emita iko GND, kolekta ndiyo inayoshika koili. Sambamba na koili weka dayodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake ukielekea chanya, maana koili ikikatiwa umeme ghafla hurusha volti nyingi kinyume na transista ndiyo inayopigwa.

Umeme wa nyumbani usiuguse hadi umeizoea rilei tupu. Wanafunzi huniona mkali, basi nawatolea ile Uno ya zamani. Pini 7 nimeizungushia wino mwekundu.